Chupa ya Katikati

Kamwene, Fundi Kikoti. Sikuja kukopa mbao.
Nimekuja na debe lile lile, lenye kovu la moto ubavuni,
na chupa ya baba mkwe iliyochubuka lebo zamani.
Nijazie.

Anatazama viatu vyake.
Nyuma yake msumeno unalia kama siku zote,
gogo linaingia duara, linatoka pembe nne,
na kile kinachobaki, tulichokuwa tukikikanyaga,
alichokuwa akituambia zoeni, mnanisaidia kufagia,
leo kimefunikwa turubai, kimepigiwa hesabu.

"Maranda yana mwenyewe sasa, Mama Twilumba."

Yana mwenyewe!
Kesho tutasikia ukungu una hati.

Juni, Mafinga. Sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama unga ulioibwa ukamwagika njiani.
Bomba linakohoa, halitoi.
Watoto wanakwenda shule wakivuta sigara za hewa,
wanacheka, na midomo imepasuka.

Mimi kushindilia najua. Nilifundishwa.
Chupa katikati, wima. Maranda pembeni, ngumi,
tena ngumi, mpaka debe liitike zito kama ngoma iliyolowa.
Halafu unaizungusha chupa taratibu, unaichomoa
kama unavyomtoa titi mtoto aliyesinzia.
Linabaki tundu.
Moto wetu ulikaa humo, pale pasipo kitu,
ukila kuta zake polepole tangu ugali wa jioni hadi jogoo.
Sijapata kumwambia mtu: niliamka usiku kuuangalia tu.

Kisha akaja Chengula na jiko jipya linalong'aa.
Akatumwagia viganjani tembe za maranda yale yale,
nyembamba, laini, kama mavi ya mbuzi yaliyopigwa pasi.
Tulicheka sana.
Kikoba kikanikopesha. Na kweli moshi haukuwepo,
mama mkwe akaacha kukohoa majuma sita.
Hilo simnyimi Chengula.

Juma la saba: njoo Ijumaa.
Ijumaa: mzigo umekwama Makambako.
Makambako wanasema waulizeni Njombe.
Njombe wanasema huku tunakwenda na mablanketi kanisani,
waulizeni Iringa.
Iringa hawapokei simu.

Na malori yanapita hapa hapa, usiku, matatu, manne,
yamefungwa kamba, yanashuka kuelekea bandarini.
Nasikia iko nchi ambako baridi inalipa.
Yetu haina hela. Inapiga hodi kwa magoti ya wazee
na kuingia bila kukaribishwa.

Si kwamba miti haipo.
Simama mlangoni kwangu uione,
misindano mstari kwa mstari mpaka inapogusa wingu,
kila mmoja na namba nyekundu shinani.
Ni kulala njaa ghalani,
mikono umeifunga mwenyewe, kwa adabu.

Jana Lusungu amerudi, mfuko wa kaptula umevimba.
Pale kwenye matuta, anasema, lori likiruka linadondosha.
Akazipanga mkekani, akahesabu kwa kidole: arobaini na moja.
"Zitawaka dakika ngapi, mama?"

Niliinusa moja.
Bado ina utomvu. Bado ina harufu ya shati la baba yake
zile Jumamosi alizorudi na mshahara na vumbi masikioni,
kabla gogo halijamchagua.

Hatukuziwasha. Mama mkwe alizikusanya,
akazitia kwenye soksi, akalala nayo kifuani.
Asubuhi akasema amepata joto.
Sikubishana naye.

Leo nimeamka, kitanda cha Lusungu kitupu,
blanketi limekunjwa vizuri mno.
Mlango umeegeshwa. Nje bado giza,
na kutoka upande wa barabara lori linabadilisha gia.
Debe amelichukua.
Chupa ameiacha mezani, imesimama.